Kabla ya Kumpeleka Binti Kutazama Twilight

Mabinti wakikuomba, kubali. Naanza na hilo kwa sababu nawafahamu wazazi wenzangu wa huku Nyarubungo, Biharamulo. Binti akisema "muvi ya mapenzi", mama anasikia ngono. Akisema "wanyonya damu", baba anasikia uchawi. Jibu linatoka kabla ombi halijaisha. Kisha Jumamosi ileile binti anaitazama muvi hiyohiyo kwenye simu ya rafiki yake nyuma ya migomba, kioo kidogo kama kiganja, na hakuna mtu mzima wa kumuuliza ameelewa nini.

Mimi nilichagua kwenda nao. Niliwachukua mabinti wawili wa kaka yangu, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa 13, pamoja na kaka yao aliyedai anatusindikiza tu. Kwetu shangazi ndiye aliyekuwa na kazi ya kumkalisha binti chini na kumwambia yale ambayo mama yake anaona haya kuyataja. Siku hizi mashangazi wengi wako mbali, na kazi hiyo imebaki haina mwenyewe. Kumwita binti uani na kumwambia "leo nakufundisha" ni kumfanya aangalie vidole vyake vya miguu mpaka umalize. Lakini mkitazama pamoja kisa cha mtu mwingine, ulimi wake unafunguka, kwa sababu hamumzungumzii yeye.

Kwanza ijue muvi yenyewe, maana Twilight ni tano. Ya kwanza ilitoka Novemba 2008, ikitokana na riwaya ya Stephenie Meyer ya mwaka 2005, na iliongozwa na Catherine Hardwicke. Kristen Stewart ni Bella, msichana wa miaka 17 anayehamia kwa baba yake katika mji mdogo wa mvua na misitu uitwao Forks, kaskazini magharibi mwa Marekani. Robert Pattinson ni Edward, mvulana mpole, mweupe kama karatasi, mnyonya damu ambaye yeye na jamaa zake wameapa kuishi kwa damu ya wanyama wa porini na kutomgusa binadamu. Zikafuata New Moon, Eclipse na Breaking Dawn ya sehemu mbili, hadi Novemba 2012. Ni za zamani, lakini kwenye flashi na memori kadi muvi haizeeki.

Chukua ya kwanza peke yake. Ni ya saa mbili na ushei, na haina kitu cha kumfanya shangazi ainamishe kichwa. Marekani waliipa daraja la PG-13, maana yake mzazi awe makini na mtoto asiyefika miaka 13. Breaking Dawn sehemu ya kwanza iache mpaka wakue: kuna fungate, kuna kujifungua kwa damu nyingi na mwanga unaomweka, na ilipotoka mwaka 2011 ziliandikwa habari za watazamaji kadhaa wa Marekani waliopatwa na degedege ukumbini wakati wa sehemu hiyo. Kama una mtoto mwenye kifafa, hiyo usimwonyeshe kabisa.

Sasa safari. Huku kwetu sinema ni banda la video: mabenchi, televisheni juu ya meza, spika mbili kubwa, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki. Nenda siku moja kabla, peke yako, umwone mwenye banda. Msalimie, kaa, zungumza naye bila haraka. Wewe ni mteja na unamletea wateja. Muulize ataonyesha nini kabla ya muvi yenu na nini baada yake. Hili msilipuuze. Yako mabanda ambayo mchana huonyesha mpira na muvi za kawaida, giza likiingia hubadilisha, na mtoto aliyebaki kwenye benchi akisubiri mvua iishe hujikuta anatazama picha za ngono. Chagua onyesho la saa nane mchana. Mimi nilimwomba mwenye banda atupangie saa hiyo, nikamlipa viti kumi kabla sijajua nani atakuja, na tukaenda tukiwa kumi na mmoja kwa sababu majirani walisikia.

Muulize pia kama muvi ni ya Kiingereza au imetafsiriwa. Kutafsiri muvi ni sanaa yenye mabingwa wake. Dar es Salaam alijulikana Lufufu, ambaye mikanda aliyoitafsiri ilisambaa sana. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Mtafsiri wa namna hii harudii tu maneno ya waigizaji. Anaeleza, anaonya, anatania, anamtukana jambazi kwa niaba yetu sote. Nimekua na sauti hizo na nazipenda. Ila Twilight ina ukimya mwingi, watu wanatazamana bila kusema, na mtafsiri asiyevumilia ukimya huujaza kwa maneno kuhusu mwili wa msichana. Sikiliza dakika kumi za mwanzo kabla ya kulipa. Ukisikia Bella anadhalilishwa, chukua ya Kiingereza na utafsiri mwenyewe kwa kunong'ona. Mnong'ono wako sikioni mwa binti ni mzuri kuliko spika yoyote.

Na petroli. Muulize habari za petroli! Sisi umeme ulikatika wakati Edward anaizuia gari kwa mkono isimponde Bella kwenye uwanja wa shule, na jenereta ikakutwa kavu. Tulikaa gizani dakika arobaini, na nitarudi kwenye dakika hizo.

Wenye nafasi zaidi, hasa ninyi wa Ngara, kumbukeni kwamba Kigali iko karibu yenu kuliko Dar es Salaam, na ina sinema ya kioo kikubwa, Century, ndani ya jengo la Kigali City Tower. Mkivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda rudisheni saa nyuma kwa saa moja. Onyesho la saa kumi la Kigali ni saa kumi na moja ya Ngara, na waliosahau hilo wakati wa kurudi hukuta basi limeondoka. Magari ya kule hupita kulia, kwa hiyo mshike mtoto mkono anapovuka barabara, maana shingo yake imezoea kugeukia upande mwingine. Hati ya kusafiria ya kila mtoto ishughulikie mapema, si asubuhi ya safari. Wanaokwenda kwa ndugu Mwanza nao wamepata nafuu: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, limewaondolea foleni ya kivuko. Pigeni simu kwanza kuulizia ratiba ya sinema.

Popote muendako, rudini kabla ya jua kuzama. Wazee wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalipita msitu wa Biharamulo kwa msafara, yakisindikizwa na polisi kwa kuogopa majambazi. Hofu yangu ya leo ni ya kimya zaidi. Malori ya Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura usiku na mchana, na lifti inayotolewa kwa mabinti wawili saa mbili za usiku ina bei yake, hata kama haikutajwa wakati wa kupanda. Bodaboda ichukue abiria mmoja, si mshikaki, na dereva awe mtu ambaye nyumba yake unaijua. Hesabu nauli ya kurudi, ifunge kwenye kitambaa, usiiguse hata chipsi zikinukia vipi.

Nirudi gizani. Banda lilipozima, vijana walipiga miluzi, kisha wakachoka. Ndipo yule wa miaka 16 aliponiuliza taratibu, "Shangazi, kwani Edward ana miaka mingapi?" Swali zuri sana, na majibu ninayo, kwa sababu nilijiandaa. Katika hadithi Edward alizaliwa mwaka 1901. Mwaka 1918, akiwa na miaka 17, alikuwa anakufa kwa ile homa kubwa ya mafua huko Chicago, na daktari mnyonya damu akamgeuza ili asife. Uso ukabaki wa miaka 17. Kwa hiyo anapokaa dawati moja na Bella, ni mzee aliyepita miaka 100. Nikanyamaza, nikamwachia kimya. Baada ya muda akasema, "Sasa mzee wa miaka mia anatafuta nini darasani?" Msichana mmoja wa benchi la mbele, ambaye hata simjui, akageuka akaongeza, "Na baba yake Bella hajui."

Tukawa na kikao. Sikumtaja mtu yeyote wa kijijini, wala haikuhitajika. Kila msichana pale alikuwa na sura fulani kichwani mwake, ya mwanaume mwenye pikipiki, au duka, au gari, anayeonekana kijana na kusema kwamba hakuna msichana mwingine kama wewe. Ndipo nikawaambia sheria, kwa maneno mepesi, kwamba msichana asiyefika miaka 18 mbele ya sheria zetu hana ridhaa ya kumpa mwanaume, na kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Nikawaambia pia jambo ambalo wengi walikuwa hawajalisikia vizuri: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu aliyejifungua kurudi shuleni. Nililisema kwa sauti kubwa kidogo, ili lifike mpaka benchi la nyuma.

Usiende na hotuba, mzazi mwenzangu. Nenda na maswali matatu au manne, uyaweke mfukoni kama peremende. Kuna sehemu Edward anakiri kwamba amekuwa akiingia chumbani mwa Bella usiku kumtazama akilala. Muziki ni mtamu, na muvi inataka tuone ni mapenzi. Muulize binti: ukizinduka usiku ukamkuta mtu amesimama chumbani kwako, muziki huo hautakuwapo, utafanya nini? Waache wabishane. Yule wa miaka 13 alisema angepiga kelele mpaka mbwa wa Lusahunga wabweke, na nilimpongeza.

Mkifika kwenye New Moon, ile ya pili, pumueni kwanza. Edward anaondoka, na Bella anakaa kwenye kiti dirishani miezi inapita, kisha anaanza kutafuta hatari kwa makusudi mpaka anajirusha kutoka kwenye jabali. Ukiwa na kijana aliyeachwa karibuni, au aliyefiwa, au aliyekosa nafasi ya kidato cha tano na tangu hapo hali vizuri, usimpeleke. Kaa naye nyumbani. Muulize waziwazi kama amewahi kuwaza kujiua. Swali hilo halimpi wazo ambalo hakuwa nalo, linampa mahali pa kuliweka alilonalo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali bila kuchelewa. Hakuna aibu katika hilo.

Wapelekeni na wavulana. Kwa kasoro zake zote, Edward anajizuia. Anaweza kumuumiza Bella na anajua anaweza, na kazi yake kubwa katika muvi nzima ni kutofanya hivyo. Mtoto wa kaka yangu wa kiume, msindikizaji, alitoka bandani kimya, akaniuliza njiani, "Kwa hiyo mwanaume anaweza kutaka na asifanye?" Nilimjibu ndiyo. Sikuongeza neno.

Kitu kingine watoto wa huku watakielewa vizuri kuliko wa Dar es Salaam. Jacob, rafiki wa Bella, ni wa kabila la Quileute, na katika hadithi vijana wao hugeuka mbwamwitu. Waambie kwamba Quileute ni watu wa kweli, wana kijiji chao kiitwacho La Push, ufukweni, na kwamba masimulizi yao ya kale kweli husema asili yao ni mbwamwitu. Kisha muulize mtoto ukoo wake una mwiko wa mnyama gani. Sisi wa Kagera tumezaliwa na miziro. Kila ukoo una kiumbe chake usichokila wala kukidhuru. Binti wa kaka yangu hakuwa anaujua muziro wetu. Ilibidi tumuulize mama yangu, na mama alifurahi kuulizwa kuliko siku zote za mwaka ule.

Lakini kuna jambo moja ambalo Meyer hakuliandika, na ni letu kulibeba. Kwake mnyonya damu ni hadithi. Kwetu ni tuhuma. Bibi zetu waliogopa mumiani na wazimamoto, watu waliosemekana kuteka wenzao usiku na kuwakamua damu. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, uvumi wa mumiani uliwasha ghasia na askari polisi akauawa. Msiseme ni mambo ya kale. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wa udongo kutoka kituo cha Selian cha Arusha waliuawa pamoja na dereva wao, na gari lao likachomwa, kwa sababu wanakijiji waliaminishwa kwamba ni wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mwaka uliofuata uvumi kama huo uliua watu Malawi.

Kwa hiyo kabla hujalala siku ya muvi, sema wazi: kile kilikuwa kioo, rangi ya uso na lensi za macho. Hakuna binadamu anayeishi kwa damu ya binadamu. Mgeni mwenye gari na makopo ya sampuli ni mgeni mwenye gari na makopo ya sampuli. Anapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, anatoa barua yake, basi. Ngozi ya Edward inameremeta juani kama almasi, na watoto watashangilia. Hapo kumbuka kwamba mkoa huuhuu, wilaya ya Muleba, mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao na kuuawa, kwa sababu kuna watu wanaoamini kwamba ngozi isiyo ya kawaida ina mali ndani yake. Mwambie mwanao kwamba haina. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiku uleule, usimwachie abahatishe.

Na popo. Twilight haina habari za popo, ila muvi nyingine za aina hii zinazo, na watoto huchanganya. Popo wanaokunywa damu wapo, aina tatu tu, na wote wako bara la Amerika. Wa kwetu hula matunda au wadudu. Hata hivyo watoto wasiwafuate mapangoni kuwatafuta, kwani popo wa matunda wa mapangoni ndio hubeba virusi vya Marburg, na Marburg tunaijua: ilithibitishwa hapahapa Biharamulo Januari 2025, na mpaka ilipotangazwa kwisha Machi 13, watu 10 waliohesabiwa kuugua, waliothibitishwa na waliodhaniwa, walikuwa wamefariki wote. Hakuna aliyeng'atwa shingo. Ugonjwa ule huambukiza kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au maiti, na wanaoutunza mwili wa ndugu kwa upendo ndio wanaokuwa karibu na hatari.

Nimebakiza macho. Katika Twilight wanyonya damu wazuri, wale wa wanyama, wana macho ya rangi ya dhahabu. Wabaya, wanaokunywa damu za watu, wana macho mekundu. Ni namna ya kumsaidia mtazamaji awatofautishe, na Marekani pengine haina madhara. Lakini sisi ni Kanda ya Ziwa. Huku vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini.

Tulifika nyumbani jua linazama. Mama yangu alikuwa jikoni anapuliza moto, kuni mbichi, moshi umejaa hadi mlangoni. Akageuka kutusalimu, macho yake mekundu, yanatoka machozi. Yule wa miaka 13 alisimama kizingitini, na niliiona hatua moja aliyorudi nyuma. Hatua moja tu. Bibi yake naye aliiona.

Sikumgombeza. Nilimshika mkono nikaingia naye, nikamketisha kwenye kigoda cha bibi yake mbele ya mafiga, nikampa kazi ya kupuliza. Alipuliza, akakohoa, akapuliza tena mpaka moto ukashika. Kisha nikamletea kile kioo kidogo cha mama cha ukutani, akajitazama. Alijitazama kwa muda mrefu. Akamgeukia bibi yake akasema, "Shikamoo, bibi," kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Jumamosi iliyofuata nilipiga simu kuuliza kama wanataka New Moon. Kaka yao ndiye aliyepokea. Akasema leo hawana nafasi, wameazima nyundo na patasi kwa jirani, yeye na wadogo zake wanatoboa dirisha la pili kwenye jiko la bibi.